Bei Aliyekataa Kushuka Ngazi

Jana usiku nimeota jambo, na nalieleza lote asubuhi hii kabla halijanitoka kichwani.

Mimi naitwa Gaudensia. Mimi na mume wangu, Salvius Ngonyani, tuna banda la gemu hapa Lizaboni, Songea. Watu wanakuja kucheza mpira kwenye runinga, wanalipa kwa mechi, wanapiga kelele, wanarudi kazini kwao. Tulikuwa na mashine mbili, zote Kimondo Nne. Moja ilikufa wiki tatu zilizopita. Wateja wamechoka kupanga foleni kwenye mashine moja, na wameanza kuhamia kwa jirani.

Hela ya kununua nyingine ipo. Ugomvi ni tununue ipi. Mimi nataka Kimondo Tano, sasa hivi, kazi iendelee. Salvius anasema ni mtu gani mwenye akili ananunua Tano wakati Sita inatoka mwezi huu huu. Tulibishana mpaka tukaacha kuongea. Jana tumelala kila mtu ameupa ukuta wake uso.

Basi kwenye ndoto niko dukani. Ni asubuhi. Muuzaji ni mwanamke mwenye miwani, amekaa nyuma ya kaunta anamenya karanga.

"Karibu mama," anasema.

"Asante. Kimondo Tano bei gani?"

"Muulize mwenyewe. Yupo juu."

Nainua macho. Juu kabisa ya shelfu iliyoegemezwa ngazi amekaa mwanamume mfupi, mnene, amevaa koti la suti na ndala, miguu inaning'inia. Kifuani amebandikwa karatasi: BEI.

"Shikamoo," namsalimia, maana anaonekana mtu mzima.

"Marahaba. Umekuja kuniambia nishuke."

"Kama inawezekana."

"Haiwezekani. Mimi sishuki mpaka Sita atoke."

"Atoke wapi?"

Ananionyesha kwa kidevu. Mwisho wa duka kuna mlango wa bluu, umefungwa. Juu yake pameandikwa: TOLEO JIPYA LINATOKEA HAPA. MSISUKUMANE.

Nikaona ni sawa kabisa. Nilichojiuliza ni kwa nini siku zote naingia duka lile na sijawahi kuuona mlango huo.

Boksi lililo mbele yangu likakohoa. Alikuwa Kimondo Tano mwenyewe, anachungulia kwenye tundu la kubebea.

"Mama, ni kweli yule anatoka leo?"

"Wanasema hivyo."

"Basi mchana nitakuwa wa zamani," akasema. "Na asubuhi nimeamka mpya kabisa. Hata kuwashwa sijawahi kuwashwa."

Nikampa pole. Sikujua mashine huambiwa nini kwenye hali kama hiyo. Nikamuuliza kama anajua mpira.

"Wote. Hata kumlalamikia refa najua."

Nikamkumbatia nimbebe. Muuzaji akanizuia kwa mkono wenye maganda ya karanga. "Hapa wenye ndoa wananunua wakiwa wote wawili. Mfuate mzee wako, yuko kwenye benchi la wanaosubiri."

Nageuka, na duka limekuwa uwanja wa mpira wa shule. Benchi moja limeanzia goli hili mpaka goli lile, na watu wamekaa wamebanana, hakuna anayeongea. Aliyekaa mwanzo kabisa ni mzee ambaye ndevu zake zimefika chini. Amezikunja kama mkeka, ameziweka kwapani.

"Baba, unasubiri nini?"

"Nilikuja kununua Kimondo Mbili," anasema. "Nikaambiwa Tatu inatoka, nikasubiri Mbili ishuke. Iliposhuka nikasikia Nne iko njiani. Nikasema, si bora nichukue hiyo?"

"Mara ya mwisho umecheza lini?"

"Bado sijaanza."

Salvius alikuwa mtu wa saba. Alinyoa Jumamosi, nalikumbuka hata lile povu kwenye beseni, lakini ndevu zilikuwa zimefika kifuani na zilikuwa bado zinatembea.

"Baba Redempta, inuka twende."

"Nikiinuka napoteza nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kusubiri."

Kabla sijamjibu, ule mlango wa bluu, ambao sasa umesimama peke yake katikati ya uwanja, unafunguka. Kimondo Sita anatoka. Ni mrefu kuliko goli, mweupe, ananukia plastiki mpya. Watu wanapiga makofi wakiwa wamekaa vilevile. Mabegani kwake amesimama Bei wake, mwembamba sana, kichwa kimeingia mawinguni. Tunaona viatu tu, vimepigwa rangi.

"Umemwona?" Salvius ananong'ona.

"Nimemwona. Muulize anacheza nini."

Salvius akajikohoza. "Kijana, mpira unao?"

"Mpira unakuja mwakani," Sita akajibu kwa adabu. "Kwa sasa nina gemu moja, ya kupanga maua."

"Na diski zetu za siku zote?"

"Zinanikwama kooni, baba."

"Pedi zetu za kuchezea je?"

Sita akaitazama mikono yake kwa aibu. "Mikono yangu ni ya aina nyingine."

Salvius akajishika ndevu. Halafu akasema chini chini, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tumeanza kubishana: "Gau, nilitaka mara moja tu, watu waseme kitu kipya kimeanzia bandani kwetu. Miaka yote tunanunua walichokichoka wenzetu."

Hilo hakuwahi kuniambia. Mimi nilijua ni ubishi tu. Nikakaa pembeni yake, na hapo hapo kidevu changu kikaanza kuwasha.

"Na huyu tutamnunua," nikamwambia haraka. "Akishajifunza mpira. Akishakuwa wa zamani."

Sita akasikia. "Kumbe na mimi nitakuwa wa zamani?" Mdomo ukaanza kumtetemeka.

Tano, ambaye sijui alifikaje pale na boksi lake, akampigapiga mgongoni. "Usijali, ndugu yangu. Inatokea mchana tu, wala haiumi."

Salvius akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasimama, na ndevu zikabaki zimekaa kwenye benchi zikisubiri peke yao.

Tunakimbia. Tunavuka mstari wa goli, tuko dukani tena. Yule Bei mfupi anashuka ngazi, hatua moja moja, anahema. Muuzaji anapaza sauti: "Kimondo Tano zimebaki tatu!" Bei anashuka. "Zimebaki mbili!" Bei anasimama. "Imebaki moja!" Bei anageuka, anaanza kupanda.

"Mzee, unaenda wapi?" nikamwuliza.

"Mzigo ukiadimika mimi napanda. Ndiyo kazi yangu, mama, usinichukie."

Salvius akamdaka mguu wa kulia, mimi nikadaka wa kushoto. Mzito kama gunia la mahindi lililolowa. Tukavuta. Ndala moja ikaruka, ikaangukia kwenye karanga. Boksini Tano anatuhesabia, "Moja, mbili, vuta! Moja, mbili, vuta!" Bei akaachia ngazi, akakaa sakafuni kwa kishindo, akajifuta jasho kwa tai yake.

"Haya," akasema. "Nimeshuka. Ila msiende kuwatangazia wengine."

Hapo nikaamka.

Kumeshakucha. Kwa jirani wanafagia uwanja. Salvius amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo, anajikanda bega. Tangu Jumapili hatujasemeshana, na mimi hapo sijafungua mdomo, hata kupiga miayo sijapiga.

"Gau," akasema bila kugeuka. "Duka wanafungua saa mbili. Jiandae twende wote."

"Sawa."

Akanyoosha mkono, akaukunja, akaguna.

"Ila safari hii mguu wa kulia ushike wewe. Ule una mateke."