Baadi ya Haji Guled

Saa nne asubuhi lori la maji liliingia mji mkavu wa Griftu, likaipita foleni ya mitungi ya manjano iliyopangwa tangu alfajiri, likasimama kwenye lango la Haji Guled, mfanyabiashara wa mifugo. Dereva wake, Mwenda, alishuka, akaunganisha mpira, na lita elfu kumi zikaanza kuteremka katika birika la saruji lililochimbwa uani. Ubavuni mwa lori paliandikwa kwamba maji hayo ni ya wakazi. Wakazi walikuwa kwenye foleni.

"Mama Rahmo, mgonjwa wako ameamkaje?" Mwenda alimuuliza mwanamke aliyekuwa ukingoni mwa birika.

"Hii haijui kulala," Rahmo alijibu. "Jicho moja inafunga, ingine inakuangalia wewe."

"Kama mke wangu nikitoka safari."

Rahmo alicheka kidogo, akaendelea na kazi. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu na mbuzi wanne, na kazi yake ilikuwa kumfunika mgongo, kwa gunia lililoloweshwa, pomboo aliyewekwa katika birika hilo, jua lisimchome. Maji matamu yalikuwa yamemtia vidonda. Hivyo Rahmo alimpaka pia mafuta ya kondoo. Kila jioni alipewa mitungi miwili ya maji. Mtu mwingine yeyote wa mtaa wake alipata nusu mtungi, siku ambazo birika lilifurika.

Pomboo huyo alipatikana mwezi wa Aprili, asubuhi iliyofuata mvua pekee ya mwaka, katika bwawa la mifugo nje ya mji. Haji Guled ndiye aliyemwona kwanza. Alifanya kama desturi inavyomtaka mtu aliyepata baadi, yaani mnyama aliyepotea: alitangaza sokoni kwamba anayo baadi, bila kusema ni mnyama gani, kwa sababu mwenye mali ndiye anayepaswa kuzitaja alama zake. Watu walikuja hata kutoka Banissa. Walitaja ngamia aliyechanika sikio, ndama mwekundu, punda mwenye kovu gotini. Haji Guled aliwasikiliza wote, akawapa chai, akawaambia sivyo.

Desturi inataka mwaka mzima upite. Haji Guled alisubiri miezi minne. Kisha alimhamishia pomboo kwenye birika lake na kumpiga chapa ya ngamia wake ubavuni. Ngozi ilikuwa na maji, kwa hiyo chuma kilirudishwa motoni mara tatu. Tangu siku hiyo lori lilielekezwa kwake. Ilikubaliwa katika kikao kwamba mnyama asiyeweza kutoka majini ana haja kubwa ya maji kuliko mtu anayeweza kutembea.

Siku ile Mwenda alipotaniana na Rahmo, baada ya swala ya alasiri, alifika mgeni kwa miguu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, na nguo zake zilikuwa zikichuruzika. Nyayo zake zilibaki mbichi juani nyuma yake. Alisema anatoka upande wa Kiunga, pwani. Aliletewa kiti na chai.

"Natafuta baadi," alisema.

"Taja alama," Haji Guled alimwambia.

"Jike. Rangi ya majivu, tumbo jeupe. Pezi la mgongo limechanika nchani, ni nyavu zilizomchana. Anapumulia utosini. Jioni tunawahesabu. Tangu Aprili tunafika kumi na sita, tunarudia, tunafika kumi na sita."

Haji Guled alikoroga chai yake. "Yangu iko na chapa. Hiyo hujataja."

"Hakuwa nayo."

"Basi si yeye."

"Ana jina," mgeni alisema. "Kila mmoja hujipa lake akiwa mdogo, na wenzake humwita kwa hilo."

Akapiga mluzi. Ulipanda, ukashuka mara mbili, ukakatika.

Kutoka ndani ya birika mluzi uleule ulijibu, ukagonga saruji, ukarudi. Watu kwenye foleni waligeukia birika. Rahmo aliujua. Alikuwa akiusikia kila alfajiri alipofunua gunia.

Kwa desturi, anayemtunza baadi ndiye shahidi wake. Haji Guled alimgeukia.

"Rahmo, walaal, dada yangu, wewe ndio unakaa naye. Umesikia nini?"

Rahmo aliitazama mitungi yake miwili kando ya ukuta. Ilikuwa bado mitupu. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na homa tangu Jumatatu.

"Ndege," alisema. "Nimesikia ndege, Haji."

Mgeni alisimama. Alishukuru kwa chai, akatoka, akaketi chini mwisho wa foleni.

"Nitangoja," alisema.

Jioni Rahmo alipewa mitungi yake. Maji yalikuwa na chumvi. Asubuhi Mwenda alionja ya lori, akaona ni matamu. Akaonja ya mtungi wa Rahmo, akatema.

"Mama, badilisha mtungi."

"Nimebadilisha."

Rahmo hakuacha kuyachukua, kwa sababu hapakuwa na mengine. Watoto waliyanywa hivyo hivyo, wakaamka usiku kuomba mengine.

Wiki ya pili, bwawa lililokauka nje ya mji lilianza kujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kila lilipopwa liliacha mwani na kome kwenye miiba. Afisa wa maji alikuja kutoka Wajir, akapima, akapendekeza lori la pili. Lori la pili nalo lilielekezwa kwa Haji Guled, ambaye aliongeza safu mbili za matofali juu ya ukuta wa birika. Wachungaji waliwasogeza mbuzi mbali kidogo kila maji yalipojaa, kwani yalikuwa yakipita alama ya jana kwa hatua kumi na mbili hivi, yakifuata njia aliyoijia mgeni.

Mgeni bado yuko mwisho wa foleni. Foleni inasogea, yeye hasogei. Leo maji yamemfika vifundoni.

Kila alfajiri Rahmo hufunua gunia. Pomboo hufungua jicho la pili, hupiga jina lake mara moja, na Rahmo husema, kwa sauti ya kusikika hadi langoni, kwamba ni ndege.