Muhuri Haushiki Plastiki

Mzee Mwishehe wa Ukonga alikuwa na desturi moja iliyojulikana mtaa mzima: karatasi yoyote ya maana ikiingia nyumbani kwake, haikulala bila kuvishwa plastiki. Mvua za masika ziliwahi kumharibia cheti cha ndoa, na tangu hapo hakutaka tena mzaha na maji. Cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake Najma, kadi yake ya kliniki, hata ripoti ya darasa la kwanza, zote zilipita kwenye mashine ya laminesheni ya Jamali mwenye stesheneri.

Basi alipotoka kwa wakili na hati ya kiapo, miguu ilimpeleka moja kwa moja kwa Jamali. Hati ilieleza kwamba yeye, mlezi wa Najma tangu baba yake afariki, ameridhia kwa hiari mtoto aende Muscat kwa mama yake, Tunu, ambaye ni muuguzi huko. Juu ilibandikwa picha ya Najma, chini ikagongwa muhuri wa wakili. Bado ilihitaji muhuri wa wizara, kisha wa ubalozi. Bila hiyo, viza hakuna.

Karani wa wizara aliipokea, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha.

"Mzee wangu, nani kakufanyia haya?"

"Nimeihifadhi."

"Umeihifadhi mpaka na sie tumekosa pa kugonga. Muhuri haushiki plastiki. Rudi kwa wakili akuandalie nyingine."

Mzee Mwishehe alitoka akiwa mwepesi. Alifika getini ndipo akautambua wepesi ule: ilikuwa furaha. Mtoto haondoki, angalau kwa sasa. Akasimama pale, akaona haya peke yake.

Nyumbani alimkuta Najma kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Babu, wamegonga?"

"Bado. Niliipiga laminesheni."

Najma akacheka hadi nazi ikamponyoka. "Babu wewe! Ipo siku utanipiga na mie."

"Mashine ya Jamali ndogo."

Kicheko kilipokwisha, Mzee Mwishehe alimuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza. "Wewe mwenyewe unataka kwenda?"

Najma aliirudia nazi, akaikuna kidogo. "Nataka. Namtaka mama. Ila nikiondoka, usile chai na mkate kila usiku."

Kesho yake asubuhi mzee alirudi kwa wakili. Wakili Sekela alikuwa mama makini, mzaliwa wa Tukuyu. Hakugonga muhuri kabla ya kusoma hati kwa sauti mbele ya anayeapa.

"Shikamoo, mzee. Hii imekuwaje?"

"Marahaba. Nimeiharibu kwa kuitunza."

Akachapa nyingine, akasoma. Alipofika kwenye "kwa hiari yangu" akamtazama juu ya miwani.

"Safari ile ulitikisa kichwa tu. Leo nataka nikusikie. Umeridhia?"

"Humo kuna mahali panapouliza kama nimefurahi?"

"Hapana, mzee. Sheria haiulizi hilo."

"Basi nimeridhia."

Akatia sahihi taratibu, herufi zote za jina lake zikasomeka. Ile ya zamani Sekela aliiandikia neno BATILI kwa kalamu nene, akataka kuichana, lakini plastiki ikakataa.

"Nipe," Mzee Mwishehe akasema. "Ina picha ya mtoto."

Njiani Jamali alimwita kutoka dukani. "Mzee, lete tuivishe."

"Hii iache, Jamali. Ina safari."

Siku hiyohiyo karani wa wizara aligonga muhuri na wino ukashika vizuri. Kilichobaki kilikuwa ubalozi.

Jioni Mzee Mwishehe aliifuta hati ya zamani kwa kitambaa chenye maji. Neno la wakili likatoka lote; juu ya plastiki halikuwa na pa kushika. Yaliyokuwa ndani yalibaki: jina lake, jina la mtoto, uso wake, na kwamba ndiye aliyemlea. Akaitundika ukutani juu ya kitanda chake.

"Babu, imepinda," Najma akasema kutoka mlangoni.

"Njoo uiweke sawa, basi."

Akaja, akapanda kitandani, akaiweka sawa. Babu alimshika kiuno asianguke, na alipomaliza hakuharakisha kumshusha.