Kinyozi Aliyeweka Moyo

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, jina alilolistahili zamani, kabla hajaanza kuegemeza simu kwenye kioo cha saluni. Siku hizi jicho moja lilikuwa kichwani kwa mteja, la pili kwenye video: mtu anaosha zulia, paka anakimbia tango, mume na mke asiowajua wanaachana kwa awamu. Wateja hawakulalamika. Nao walikuwa wameinamia simu zao, jambo lililorahisisha sana kunyoa kisogo.

Mambo yaliharibika alipomnyoa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa anawahi usaili wa kazi. Kwenye simu, yule wa zulia alikuwa amefikia kona ya mwisho. Mashine ikapita juu ya sikio, ikaendelea na safari, ikaondoka na nyusi ya kushoto.

"Kuna nini?" shemeji aliuliza, akihisi upepo.

"Hebu tuisawazishe na ya pili."

Walisawazisha. Shemeji alikwenda kwenye usaili akiwa na sura ya mtu asiyeshangazwa na lolote, na kazi hakupata.

Mke wa Mkono Mwepesi, ambaye ni muuguzi, hakugomba. Kesho yake aliichukua simu akaitia mkobani, kando ya chakula chake cha mchana.

"Utaipata jioni."

"Na mteja akinitafuta?"

"Saluni ina mlango, mume wangu."

Asubuhi ilikataa kwisha. Mkono ulizama mfukoni, ukatoka mtupu, ukarudi tena kana kwamba haukuambiwa. Alisoma kopo la poda mpaka anwani ya kiwanda. Alijikuta akisugua kitana kwa kidole gumba, kutoka chini kwenda juu, kisha akasubiri kidogo aone kitakachofuata.

Mchana aliingia Dereva, mzee aliyestaafu kuendesha malori, mteja wake wa miaka mingi. Mkono Mwepesi alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Kimya kilimtisha, ikabidi aongee.

"Mama hajambo nyumbani, mzee?"

Dereva alimtazama kupitia kioo.

"Mama alishafariki. Muda sasa."

Mashine ilibaki ikinguruma hewani.

"Mzee wangu! Mbona sikuambiwa?"

"Uliambiwa," alisema Dereva, bila hasira, kama anayemwelekeza mtu njia. "Binti yangu aliweka picha ya mama yake, akaandika msiba. Akanionyesha walioiona. Wewe uliweka moyo."

Mkono Mwepesi alizima mashine. Picha aliikumbuka: mama mwenye kilemba cha buluu, anacheka. Alidhani ni siku yake ya kuzaliwa. Maneno hakuyasoma, kidole kilikuwa na haraka ya kwenda kwa paka.

"Nilifurahi," Dereva aliongeza. "Nikasema, basi kinyozi naye amesikia, atakuja."

Mkono Mwepesi alitamani yeye ndiye awe chini ya kile kitambaa, kimfunike mpaka utosini. Alimnyoa kwa macho yote mawili, polepole, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Jioni alimsimulia mkewe. Mkewe alimrudishia simu, akabadilisha viatu vya kazi, akasema, "Twende."

Dereva aliwafungulia mwenyewe. Hotuba yote aliyoipanga Mkono Mwepesi njiani ilimtoroka mlangoni.

"Nimechelewa, mzee."

"Umefika. Kaeni."

Walikaa. Baada ya maongezi ya hapa na pale, Dereva alikohoa.

"Hizo pole, bado zimo humo kwenye simu? Binti alinisomea mbio mbio, halafu akarudi kazini kwake. Na maandishi yenyewe kama sisimizi."

Mkono Mwepesi alizitafuta, akaanza kusoma. Kwa kila moja mzee aliuliza, "Huyo nani?" na waliposhindwa kumjua walikisia. Mwalimu. Jirani wa zamani. Mwenzake wa malori, ambaye mzee alidhani naye alishakufa.

"'Punguza kitambi bila mazoezi. Piga namba hii.'"

"Huyo nani?"

"Muuza dawa, mzee. Amejipachika tu."

Dereva alitafakari.

"Marehemu angempigia," alisema. "Angeninunulia mimi hiyo dawa." Akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akacheka mpaka mke wa kinyozi akamtafutia leso. Alijifuta uso mzima.

"Enhe," akasema. "Anayefuata."

Mkono Mwepesi akamsomea anayefuata.