Hector wa Castle Vale

Goretti alikuwa amekwisha kuapa: jina lile mjukuu wake hatapewa. Mwanawe Mardochée alimsihi mpaka koo likamkauka. Mtoto ana wiki tano, kesho wanakwenda kumwandikisha, na tangu wakiwa kwao Uvira ilikubaliwa kwamba mvulana wa kwanza ataitwa Hector, kama babu yake.

"Kuna mbwa anaitwa vile," alisema Goretti, na kwake mambo yakaishia hapo.

Ni kweli alikuwapo, mbwa mzee mweusi wa nyumba ya pili hapo Castle Vale, mtaa wao wa ugenini. Kila asubuhi jirani yao Lalita alisimama mlangoni akiita, "Hector! Hector, come!" Na kila asubuhi Goretti, mjane kwa miaka minane sasa, aligeuka kutazama kabla hajakumbuka. Kumpa mbwa jina la kumsuta jirani, sawa, watu hufanya. Lakini jina la marehemu? Tumwelewe mama wa watu. Siku ile uvumilivu ulimwisha, akavaa koti, akaenda kugonga.

"Mama Lalita, mbwa yako iko na jina ya bwana yangu. Juu ya nini?"

Lalita alizaliwa Kisumu, na Kiswahili hakikuwa kimemtoka. Akashika mdomo.

"Woi, pole mama! Sikujua. Ni marehemu mzee wangu alimpatia. Alipenda hadithi za Wagiriki wa zamani. Huyo Hector alikuwa analinda mji wao. Wenzake wakakimbilia ndani, yeye akabaki nje ya lango."

Mume wa Goretti naye alibaki, akilinda wagonjwa wa zahanati, wengine walipokimbia vita.

"Wakamuua?"

"Wakamuua. Adui akafunga maiti nyuma ya gari la farasi, akaiburuta babake akiona."

"Na walimuzika?"

"Walimzika. Babake alienda mwenyewe kwa huyo adui, akambusu mikono, akaomba mwili. Akapewa."

Goretti akaketi pale pale kizingitini, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu avuke ziwa.

"Miye sikuenda," alisema. "Nilikimbia na batoto. Sikuenda kuomba mwili yake."

Lalita aliketi kando yake kwenye baridi, akamshika mkono.

Aliporudi nyumbani, Goretti alimchukua mtoto kutoka kwa mkwewe Francine.

"Kesho muandike jina ya babu yake."

"Na mbwa, mama?" aliuliza Mardochée.

"Mbwa nayo walimupa jina ya mutu wa maana."

Kwao bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, kwa utani. Goretti alimwinamia yule mchanga, na safari hii hakuwa akitania.

"Karibu, Hector, bwana yangu," alisema. "Umekawia."