Mbuzi Aliyepunguza Protini

Katika namba zote, Sabi Yarou alichukia moja tu: arobaini na moja. Aliirithi kwa marehemu baba yake. Miaka kumi na mitano nyuma, watu wa takwimu walikuja na mizani kutoka mji wa Parakou, kaskazini mwa Benin, wakapima kila kilichoingia chunguni katika nyumba mbili za kijiji, kisha wakasoma hadharani: nyumbani kwa mzee Yarou, kila mtu anapata gramu arobaini na moja za protini kwa siku. Nyumba ya pili, ya mjomba wake Sabi, ilipata arobaini na nne. Pale kijijini hakuna aliyejua gramu tatu za protini zina ukubwa gani, ila wote walijua nani kashinda.

Boni, mtoto wa huyo mjomba, alikuwa binamu yake Sabi na mtani wake. Tangu siku ile hakumwita tena kwa jina. Sokoni, msibani, hata mbele ya wakwe, ilikuwa ni, "Arobaini na Moja, umeamkaje?" Na utani wa mabinamu ni utani. Ukinuna umeshindwa.

Kwa hiyo Bake Dafia, binti wa ofisi ya takwimu, aliposhuka kwenye pikipiki na mizani yake, akasema ofisi imemtuma kupima tena nyumba zilezile mbili, Sabi alimvutia kiti mwenyewe.

"Kwenye makaratasi ya mji mkuu, protini ya kila mtu inapanda kidogo kidogo mwaka hadi mwaka," Bake alieleza. "Tunataka kuona kama na vyunguni imepanda."

"Kwangu imepanda."

"Bado sijapima, baba."

"Nakwambia mapema tu, binti yangu, usije ukashtuka."

Bake akamweleza utaratibu. Atakaa siku tatu. Kila kinachopikwa atakipima kikiwa kibichi, atahesabu kila mtu aliyekula, halafu atagawanya. Sabi aliyasikiliza vizuri sana ya kupima. Hayo ya kugawanya aliona ni mambo ya makarani.

Asubuhi hiyohiyo alikamata kanga wawili. Mkewe, Yon, alimkuta anawafunga miguu.

"Baba Woru, mimi nimeshaloweka kunde."

"Kunde zimwagie mbuzi. Kunde ndizo zilizomuua baba yangu kwa aibu."

"Baba yako aliumwa na nyoka."

"Nyoka alimkuta ameshaaibika."

Yon akazirudisha kunde ndani, akatwanga viazi vikuu, akawapika kanga kwa mchuzi wa karanga. Harufu ikavuka ua, na kabla sinia halijatua chini Boni alikwisha kufika, na mkewe, watoto wake, mama mkwe wake, na shemeji wawili ambao Sabi hakuwahi kuwaona.

"Nimesema nipite nimjulie hali mtani wangu," alisema Boni, akinawa mikono.

Sabi angefanyaje? Katika kabila lao, Mbariba anayefunga mlango watu wakila, heri auze nyumba ahame. "Karibuni," alisema. Wakakaribia kweli. Nyumba ya watu kumi na mmoja ikalisha ishirini na wanne.

Bake alipomaliza mahesabu yake akamwambia, "Thelathini na tisa."

"Thelathini na tisa nini?"

"Gramu. Kwa kila mtu."

"Binti yangu, wewe ni wa kwetu, usinifanyie hivi. Nimechinja kanga wawili. Baba yangu hakuchinja hata kuku, akapata arobaini na moja."

Bake alichukua karanga kwenye ungo, akapanga mafungu kumi na moja mbele yake, karanga sita sita. Kisha akazikusanya zote, akazigawa upya mafungu ishirini na manne. Mafungu mengi yakapata tatu, machache yakapata mbili.

Sabi akayahesabu mwenyewe. "Kwa hiyo Boni alikuwa anaila namba yangu."

"Alikuwa anakula chakula, baba. Namba imeshuka yenyewe."

"Humjui Boni. Huyo amesoma mpaka darasa la sita. Kugawanya anakujua."

Siku ya pili akachinja mbuzi. Aliona ndiyo dawa pekee: kama huwezi kupunguza midomo, ongeza nyama. Ila mbuzi si kanga. Kuchuna, kukatakata na kuchemsha kuliwachukua wanawake tangu alfajiri, uji wa asubuhi haukupikwa, na watoto wakashinda wanazunguka sufuria kama nzi. Jioni, nyama ilipoiva, Boni aliingia uani akiwa mbele ya msafara: watu wake wote wa jana, vibarua waliokuwa wakipakia pamba kwenye lori, na wapiga ngoma watatu waliokuwa wakipita njia kwenda mji wa Nikki.

"Nimewakuta barabarani," alisema Boni. "Nikaona ni dhambi wapite nyumba yenye ukarimu hivi bila kusalimia."

Vibarua wa pamba hawali kama mama mkwe. Sabi mwenyewe alipata mbavu moja na kipande cha utumbo. Boni, akifyonza mfupa, alimwinamia sikioni. "Kesho ongeza wa pili. Nina ndugu Nikki hawajaonja."

"Waje tu," alisema Sabi.

Watu arobaini na watatu. Bake alihesabu mara mbili, kwa sababu hata yeye hakuamini, kisha akageuza daftari Sabi aone mwenyewe: thelathini na sita.

Asubuhi ya siku ya tatu, Yon alimkuta mumewe amesimama mbele ya fahali wa kulimia, anamkadiria kwa macho.

"Usithubutu."

"Sina njia nyingine, Mama Woru."

"Ukimchinja huyo, plau utaivuta wewe, na mimi ndiye nitakayekuchapa fimbo." Akampokonya kamba. "Siku mbili nimekaa na yule binti jikoni, namsikiliza. Mizani yake haijui heshima wala haijui mbuzi ni mali. Inapima chungu basi. Leo niachie chungu changu. Na wewe nenda kakae ghalani, usije ukanitia mkosi."

Sabi akaenda ghalani, akakaa juu ya pamba kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Kutoka pale alisikia Yon akipuliza moto. Alimsikia mama wa Kifulani anayepita na jibini akiitwa, wakisalimiana kwa kirefu, wakipunguziana bei. Baadaye ikamfikia harufu ya vile vibonge vyeusi vya mbegu zilizovunda, vya kuungia mchuzi, harufu ambayo mgeni hukimbia na mwenyeji humeza mate.

Adhuhuri Boni akaja na jeshi lake. Alifika moja kwa moja kwenye chungu, akafunua.

"Shemeji, hiki nini?"

"Kunde," alisema Yon. "Na ugali wa mtama. Karibuni, zipo nyingi."

Boni alichungulia tena, kama mtu anayetafuta mfupa chini ya kunde. Nyuma yake vibarua walikwisha kugeuka. Mmoja wa shemeji alisikika akisema kwamba kunde hata kwao zipo.

"Jana nilikula sana," alisema Boni, akarudisha mfuniko taratibu. "Tumbo nalo lina haki yake ya kupumzika."

Wakala kumi na mmoja, wenyeji watupu. Watoto walirudia mara mbili, na siku hiyo hakuna aliyekoromeana na mwenzake kwa ajili ya kipande. Sabi alikula ameinamisha kichwa. Alikuwa ameshakata tamaa, na aliyekata tamaa hana haraka, kwa hiyo alizisikia kunde mdomoni vizuri kuliko siku zote. Jibini ilikuwa tamu pia.

Bake alikaa na daftari mpaka kalamu ikamchoka. "Hamsini na nane," alisema hatimaye.

"Bila nyama?"

"Bila nyama. Kunde peke yake zimebeba nusu nzima."

Sabi alimtazama mkewe, akamtazama Bake, akarudi kwa mkewe. "Basi baba yangu ilikuwaje? Na yeye alikula kunde."

"Alikula kunde kijiko kimoja tu," alisema Yon. "Mwaka ule baba yako alipanda pamba mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa mke mpya, niliotesha kunde kwenye ukingo wa njia, mbuzi wakazimaliza. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Hakuwahi tu kuyaweka yale mambo mawili pamoja.

"Sasa andika hamsini na nane," akamwambia Bake.

"Siwezi, baba. Ofisi inataka wastani wa siku zote tatu." Akazijumlisha mbele yake, thelathini na tisa, thelathini na sita, hamsini na nane, akagawanya. "Arobaini na nne. Imepanda gramu tatu katika miaka kumi na mitano."

Sabi alipiga hesabu yake mwenyewe kimoyomoyo. Kanga wawili, mbuzi mmoja, na gharama yote hiyo ilikuwa ya kujiteremshia namba. Mwishowe akaanza kucheka, mwanzo kidogo, halafu mpaka akashika ukuta, na Bake naye akashindwa kujizuia.

"Na Boni utampima lini?"

"Jumatatu."

"Sitamwambia la kunde," alisema Sabi. "Mwache achinje."

Yon alikuwa akisugua chungu, mgongo amewapa. Alingoja kicheko kiishe. Miaka minane alikuwa akiomba jambo moja, na miaka minane alijibiwa kwamba pamba ndiyo inayosomesha watoto.

"Baba Woru," alisema bila kugeuka, "lile shamba la kijitoni, nusu yake ni yangu mvua zikianza. Kunde."

Sabi alifungua kinywa. Bake alikuwa bado ameshika kalamu.

"Robo," alisema Sabi.

"Nusu."

"Mama Woru, pamba..."

"Binti," Yon akamwita Bake, "hivi ofisi yenu huwa inarudi kupima tena?"

"Hurudi, mama."

Sabi akajikuna kisogo. "Chukua nusu," alisema. "Ila upande wa mchwa ndio wako."

Yon akakipindua chungu juani kikauke, akaenda kutafuta jembe.