Alama Kumi na Moja

Daktari wa kiwanda alihesabu kwa ncha ya kalamu, akigonga kioo cha kompyuta kama mtu anayehesabu mayai. Picha ya CT-scan ilionyesha kichwa cha Mama Msasa vipande vipande. Ndani ya mifupa ya uso, mahali panapotakiwa kuwa peusi kwa hewa, palikuwa na kijivu.

"Penye hewa tupu, sifuri. Palipoziba kiasi, moja. Palipoziba kabisa, mbili," alisema bila kumtazama. "Jumla yako kumi na moja."

Kumi na mbili ndiyo iliyomtoa mtu chumba cha msasa na kumpeleka kwenye upasuaji. Mama Msasa alikuwa amesugua mbao humo miaka kumi na minne, vumbi mpaka kwenye kope, na mitano ya mwisho pua yake ilikuwa pambo tu. Mwaka jana gesi ilivuja jikoni yeye akimwogesha mjukuu chumba cha pili, asisikie harufu yoyote. Jirani ndiye aliyevunja mlango.

"Daktari, hapa si pameziba kabisa?" Aligusa picha, shavu la kushoto.

"Kuna uzi mweusi pale. Hiyo ni hewa. Moja."

"Uzi huo umeletwa na vidonge vyenu!"

Ndio uliokuwa utaratibu wao: kila aliyepangiwa picha alimezeshwa vidonge siku kumi, nesi akimsimamia mpaka vishuke kooni. Na vilifanya kazi, hapo ndipo balaa lilipokuwa. Siku ya saba alinusa utosi wa mjukuu wake, akalia kwa furaha. Siku ya kumi akapigwa picha. Sasa vidonge vilikuwa vimekwisha kwa wiki nzima, na alikuwa akipumulia mdomo tena.

"Kwa hiyo vilikusaidia."

"Siku chache tu, baba!"

"Vilikusaidia au havikukusaidia? Jibu moja, mama."

"Vilinisaidia, lakini..."

"Mgonjwa amekiri kupata nafuu," daktari alijisomea huku akiandika.

"Nipige picha leo. Leo hii, uone."

"Mwakani. Mionzi si mchezo, mama. Sisi tunakujali."

Alitamani kukivunja kile kioo. Alibeba karatasi yake, akarudi kwenye mashine. Msimamizi alikuwa ameshapata habari.

"Kumbe mzima kama chuma! Sasa sikiliza. Wakaguzi wa afya wanapita. Usikae umeachama hivyo, watadhani tunafuga wagonjwa."

"Napumulia wapi?"

"Una pua. Imeandikwa. Funga mdomo."

Mlango ukafunguliwa. Mama Msasa akaufunga mdomo. Wakaguzi walikuwa saba, na walitembea polepole. Wa nne alipompita, machozi yalikuwa yakimtiririka Mama Msasa na mishipa ya shingo imemsimama, na wa tano, akiwa mbele yake kabisa, aliandika kwamba chumba kina mwanga wa kutosha.