Waya wa Nyumba ya Pampu

Mdogo wangu alinipigia Ijumaa asubuhi, nikiwa nimeinamia redio ya mteja mmoja msumbufu, akaniambia trekta limeng'oa makasha ya jeshi shambani kwetu. Nikamuuliza kama amekunywa. Akasema hajanywa, na kwamba wanajeshi wa mabomu wameshakuja na vipimo vyao, wamefungua makasha mawili ya juu, wakacheka. Hakuna kinacholipuka, walisema, ni makorokoro ya zamani, mtafuteni fundi au mtu wa vyuma chakavu.

"Mama hataki yaende kwenye vyuma chakavu," alisema. "Amekalia kasha moja tangu jana, haondoki. Anasema uje wewe."

Nina miaka thelathini kwenye kazi ya redio na sina subira na watu wanaotaja majina ya vitu wasivyovijua. Nilipofika nikakuta kila jirani ameshatoa hukumu yake. Mwalimu mstaafu alisema ni vipande vya ndege. Muuza duka alisema ni mashine ya kupimia mvua. Mwenye trekta alikaa mbali kabisa, akaapa kwamba hata tukimwambia ni masufuria, shamba lile halirudii. Niliwafukuza wote kwa adabu kidogo niliyojaliwa.

Mama alibaki. Ana miaka sabini na minane, na alikuwa amekalia kasha lile ameikunja kanga magotini kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Hakunisalimu kwanza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu, sitaki kujua vinafanya kazi gani," alisema. "Niambie tu kama ni vya kaka yako."

Kaka yetu mkubwa alikuwa mpokea simu jeshini. Vita vilipoanza alipelekwa mbele, na baada ya miezi saba ikaja barua yenye mhuri: hajulikani alipo. Hiyo ni miaka thelathini na minane sasa. Mama hakukubali tumlilie. Hakukubali kuja kukaa kwangu mjini, hata baada ya baba kufariki, kwa sababu mtoto akirudi na kukuta nyumba imefungwa atadhani tumemsahau. Kwa hiyo swali lake lilikuwa zito kuliko makasha yenyewe. Kama vitu vile vilikuwa vya kaka, basi kaka alifika nyumbani.

Lakini vingeweza kuwa takataka tu. Upande wa pili wa mto kulikuwa na kambi ya jeshi iliyofungwa kabla ya vita, na mali iliyoisha kazi iliachwa pale, rundo kwa rundo. Kila shamba la eneo lile lilikuwa na debe la kijani au turubai la jeshi. Baba naye alikuwa mtu asiyeweza kuipita skrubu njiani bila kuitia mfukoni. Nilimweleza mama hivyo ili asijipe matumaini, akasema amesikia, sasa nifanye kazi.

Nikavihamishia stoo, mlango wazi, nikatandika gunia. Ndani ya makasha mawili mlikuwa na vitu viwili vinavyofanana: sanduku la bati lenye mkono wa kuzungusha ubavuni, kengele mbili ndogo, na mahali pa betri palipoliwa na kutu. Kasha la tatu lilikuwa na roda iliyozungushiwa waya mweusi. Kwangu haikuwa kazi ngumu. Zilikuwa simu za waya za jeshi. Unazungusha mkono upande huu, kengele inalia upande ule, basi. Hazihitaji mtambo wala nguzo, ila zote mbili ziwepo na waya uwe mzima katikati.

Simu mbili kwa shamba moja. Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha, maana anayeokota takataka haokoti jozi.

Nikaufungua waya kwenye roda pole pole, nikiupitisha vidoleni. Ulikuwa umekatika na kuungwa mara nyingi, pengine kwa panya, pengine kwa jembe. Kwenye kiungo cha kwanza nikakaa chini. Ulikuwa umefungwa fundo kwanza, fundo lile la kufungia ndama, ndipo ncha zikasokotwa. Hakuna fundi anayeunga waya hivyo. Mimi ndiye ninayeunga hivyo, na mafundi wenzangu wamenicheka mpaka wamechoka, wakaniita fundi wa zizini. Kaka ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi, akisema waya usiofungwa ni kama ndama asiyefungwa.

Nilimwita mama nikamwonyesha. Aliushika waya ule, akaupapasa. Kisha akauliza, "Basi alifika?" Nikamwambia alifika. Mdogo wangu, ambaye kaka alipoondoka alikuwa wa kubebwa mgongoni, alisimama mlangoni na kofia mkononi.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini fundi hana akili ya kuishia katikati. Ile ncha ya mwisho ya waya haikuliwa na panya. Ilikatwa safi, kwa koleo, na haikuungwa tena. Nikasema mbele ya mama kwamba aliyeukata waya huu Mungu amwone. Mama akaitikia amina.

Chini ya roda mlikuwa na bati la biskuti lililozibwa kwa nta, na ndani yake daftari. Jeshini mpokea simu hapigi wala hapokei simu bila kuiandika: siku, saa, kilichosemwa. Kaka aliandika kwa penseli, na penseli haifutiki upesi. Sikusoma kwa sauti kwanza. Nilisoma nikiwa nimewapa mgongo.

Alikuwa ametoroka vitani na jeraha la paja. Alikuwa kwenye nyumba ya pampu, ile iliyokuwa haina pampu tena, kule bondeni, ambako baba alitukataza kukanyaga kwa sababu ya nyoka. Simu mbili alizibeba mwenyewe mgongoni, waya baba aliuokota kambini, wakaulaza chini ya ua wa miiba mpaka stoo hii hii nilimokuwa nimekaa. Mama asiambiwe, walipatana hivyo. Askari walikuwa wakipita kila wiki kusaka watoro, na mama hajui kuficha jambo. Akifurahi unaona, akilia wanasikia majirani.

Kurasa nyingi zilikuwa nzuri, na ndizo zilizoniumiza. "Saa moja jioni. Baba asema mtoto mdogo ameota jino." "Saa mbili. Baba ameacha mlango wa stoo wazi, nimesikia mama akigombeza kuku. Nimecheka peke yangu." "Saa moja. Dada ametengeneza redio. Nimemwambia baba, huyo ndiye mrithi wangu."

Kisha askari wakapiga kambi shuleni, karibu na bonde, na baba hakuweza tena kwenda kule. Wakakubaliana: baba asipige, kengele isije ikasikika huko bondeni, na kaka apige akiwa na shida tu. Kimya kikiwepo, baba ajue mtoto ni mzima.

Ukurasa uliofuata ulianza Jumatatu. "Saa mbili asubuhi. Homa. Jeraha linanuka. Napiga. Hakuna jibu." "Saa tatu. Napiga. Hakuna jibu." Jumanne vile vile. Jumatano maji yalikuwa yameisha, na mguu haukumbeba hata kufika mlangoni. Mstari wa mwisho ulikuwa Alhamisi alfajiri: "Napiga." Hakukuandikwa kitu mbele yake.

Nikaangalia tarehe. Ilikuwa wiki ya kwanza ya likizo ya shule.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila jioni redioni walisoma majina ya askari waliopotea na kupatikana, na pale kwetu redio yangu ilikuwa ikikoroma tu, jina moja linasikika, matatu yanapotea. Nilijua dawa yake ni antena ndefu. Jumapili ile jioni, nikitafuta kuku chini ya ua wa miiba, nikaona waya mweusi mzuri, umelala bure. Nikachukua koleo la baba, nikakata hatua arobaini. Ndani yake mlikuwa na nyuzi saba, nne za shaba na tatu za chuma, chuma kikanichoma kiganja. Nikaupandisha juu ya paa, na redio ikasema wazi kama mtu aliyekaa jikoni. Siku nne, Jumatatu mpaka Alhamisi, nilikaa chini ya waya ule nikisikiliza kama watamtaja kaka yangu.

Alhamisi jioni baba alirudi kutoka bondeni. Askari walikuwa wameondoka mchana. Alisimama uani akitazama paa muda mrefu, akaniuliza waya ule nimeutoa wapi. Nikamwambia kwa majivuno, na nikamweleza jinsi nilivyoufunga fundo kwanza ndipo nikasokota. Baba akasema, "Umefunga vizuri." Akaingia stoo, akajifungia. Kesho yake aliushusha waya mwenyewe, akasema utavuta radi.

Nimemchukia baba kwa mambo mengi, na kubwa zaidi ni ukimya wake. Miaka ishirini na tisa alimwacha mama asubiri, akafa bila kusema neno. Pale kwenye gunia ndipo nilipoelewa kwamba ni yeye aliyeyafukia makasha yale, na kwa nini. Asingeweza kumwambia mama kwamba mtoto alirudi bila kumwambia alikufaje, na asingeweza kusema alikufaje bila kunitaja mimi. Alichagua. Mama alisubiri miaka yote ile ili mimi nisijue.

"Soma," mama alisema nyuma yangu. Hajui kusoma. Alikuwa amekaa tena juu ya kasha lake.

Nikasoma zile kurasa nzuri. Jino la mdogo wangu, kuku, mrithi. Mama alicheka kwenye kuku, kisha akafunika mdomo, akasema kumbe mwanawe alikuwa akimsikia akifoka tu, angejua angesema maneno mengine. Nilipofika Jumatatu, nikapiga moyo konde nikadanganya. "Saa mbili asubuhi. Homa. Napiga. Baba amejibu. Amesema vumilia, anakuja." Nikaendelea hivyo, kila penye pengo nikamweka baba, na nikamfanya kaka alale Jumatano usingizi mzuri, baba akiwa pembeni. Mdogo wangu alikuwa amesogea, anaangalia daftari juu ya bega langu. Anajua kusoma. Aliniangalia, nikamwangalia, akaenda dirishani na kusimama akitazama bondeni, kule kwenye lile rundo la mawe pembeni ya nyumba ya pampu ambalo baba hakuruhusu liguswe hata jiwe moja. Sote wawili tulijua sasa lilikuwa nini.

"Baba yenu hakwenda popote wiki ile," mama alisema. "Alikuwa hapa hapa, anatengeneza zizi, anapiga mluzi. Alhamisi ndiyo alitoka, akarudi hakula siku tatu. Nilidhani anaumwa. Soma kilichoandikwa."

Nikasoma kilichoandikwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini baba hakujibu, kama alilala, kama alikuwa mbali. Ningeweza kusema panya. Mungu anajua panya walikuwa wengi. Lakini nilikuwa nimeshamsingizia baba ukatili kwa muda wa kutosha.

"Waya ulikuwa umekatwa, mama. Niliukata mimi. Nilitaka antena, nisikie majina."

Mama hakupiga kelele. Aliangalia mikono yangu. Ni mikono ya fundi, imechomwa na lehemu, nilitamani niifiche. Mdogo wangu alisema kwa sauti ya chini kwamba dada alikuwa mtoto, hakujua. Mama akasema anajua hakujua.

"Alipiga mara ngapi?" aliuliza.

Nikahesabu. "Mara kumi na tisa."

"Zisome zote. Moja moja."

Nikaanza tena Jumatatu. "Saa mbili asubuhi. Napiga."

"Naam, mwanangu," mama alisema.

Nilidhani anazungumza na mimi, nikanyamaza. Akanionyesha kwa kidole niendelee. Nikasoma saa tatu. "Naam, mwanangu." Nikasoma saa tano, na saa saba, na jioni yake. Kila nilipotamka neno lile alimwitikia, kwa sauti ile ile, bila haraka, kama mtu aliye jikoni anayeitwa kutoka uani. Jumanne nilikuwa siyaoni maandishi tena, nikawa nasoma kwa kukumbuka. Mdogo wangu alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo. Jumatano. "Naam, mwanangu." Alhamisi alfajiri. "Naam, mwanangu. Nipo."

Kuku walikuwa wakiparua mlangoni. Nilifunga daftari, nikaliweka kwenye bati lake, nikapiga magoti mbele ya kasha alilokalia.

"Mama," nilisema.

Alikuwa akitazama bondeni, akiikunja kanga magotini.

"Mama."

Hakuitika.